Kumwandaa msemaji wa kuongea na jamii kuhusu watu wa transi: tunavyofanyaga sisi huku Tabora

Mwangaluka ndugu zangu. Naandika hii kwasababu ndani ya muda mfupi nimeulizwa na watu wanne tofauti, wawili wa Nzega, mmoja Urambo na mwingine yupo Kasulu huko, na wote swali lao ni moja: hivi nyie mnaanzaje kwenda kuongea na watu mtaani kuhusu transi (yaani mtu anaejijua ni mwanamke au mwanaume tofauti na alivyoandikwa alipozaliwa), msipigwe, na yule mliyemsimamisha mbele asirudi nyumbani analia? Nimeona badala ya kurekodi voisi nne ndefu niandike mara moja kila mtu asome.

Kwanza mnijue. Mimi sio transi. Ni mama wa watoto watatu, nilikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, zile kazi za kuzunguka na begi nyumba kwa nyumba. Kwenye kazi hii ya transi nimeingia baada ya kumuona dada mmoja (namuita dada kwasababu ndo anavyojiita) anarudishwa dirisha la dawa mara tatu, kisa kadi ina jina la kiume na aliyesimama pale kavaa dera. Mara ya nne hakuja tena. Kituo sikitaji, na wala sio cha ajabu, vipo vingi vya hivyo.

Alafu nianze na aibu yetu. Mafunzo yetu ya kwanza tuliyaharibu. Tulialikwa na kikundi fulani, watu kama thelathini, tukampeleka kijana mmoja wa transi, jasiri, anaongea vizuri, tukampa maiki sisi tukakaa pembeni tunatabasamu. Hatukumwandaa hata kidogo, tuliona ujasiri unatosha. Watu wakauliza akajibu, wakauliza tena akajibu, mpaka wakafika kwenye nguo za ndani na yeye bado anajibu tu kwasababu anaona akikataa ataonekana anaficha kitu. Kumbe kuna mtu anarekodi. Jioni ile ile klipu ipo kwenye magrupu ya WhatsApp, mwenye nyumba wake Isevya kaiona, kesho yake kijana anatafuta pa kulala na baada ya siku chache akapanda treni akaondoka Tabora. Watu thelathini labda walielewa kitu, mmoja kapoteza chumba na mji. Hiyo hesabu ilinikaa sana. Tangu siku ile kitu kikubwa ninachomfundisha msemaji ni kile ambacho HATASEMA, maana kuongea wengi wanakuja wanajua tayari.

Hatua ya kwanza: nani anasimama mbele

Usitafute anaejua kuongea, tafuta anaeweza kuonekana. Tunakaaga na mtu, wawili tu, chai mezani, tunamuuliza maswali ya kawaida kabisa. Unaishi kwa nani? Mwenye nyumba anajua? Mama anajua, na kama hajui unataka alisikie hili kutoka kwa mtu wa sokoni? Kazini nani akisikia unafukuzwa? Keshokutwa ukipita stendi nani atakuita jina la zamani kwa nguvu? Akisita hata kwenye moja hatumpeleki mbele, na tunamwambia wazi kwamba kutosimama sio uoga. Kuna kukaa mlangoni, kuna kusoma maswali, kuna kuwapiga msasa wenzake, na kazi hizo zote zina posho ile ile. Tukiweka posho kubwa kwa anaesimama peke yake, tutakuwa tunamnunua mtu mwenye njaa ajianike.

Pili, mtu haongei kwenye mtaa anaolala. Sisi Tabora tuna bahati ya reli, hapa ni njia panda, kuna ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda, kwa hiyo wa kwetu anaenda kuongea Kaliua na wa Kigoma anakuja hapa. Anaongea, anakula, analala, anarudi kwao ambako hamna aliemuona.

Tatu, na hili watu huwa hawaliamini mpaka walione: msemaji bora niliewahi kumsikia kwenye hii mada sio transi. Ni mama wa mtu wa transi, mwanamke wa makamo anauza karanga, hajasoma sana. Alisimama kwenye kikundi cha vikoba akasema, jamani mimi nimezaa, wote humu mmezaa, mwenye kuchagua anyooshe mkono nimuone. Hamna mkono ulionyooshwa. Alafu akakaa chini akaendelea kubambua karanga zake, na nusu saa nzima iliyofuata wale akina mama walikuwa wanaongea wao kwa wao. Kwa hiyo mtafuteni mama, au nesi, au fundi mwenye kijana wa transi kwenye kiwanda chake cha seremala. Ila pia sisi wengine tusijae mpaka wenyewe wakose pa kukaa, itakuwa harusi haina bibi harusi.

Na wote, msemaji na wasikilizaji, ni miaka 18 kwenda juu. Hapa hatuna mjadala hata mwalimu mkuu akialika mwenyewe.

Hatua ya pili: sheria, na msidanganyane

Msemaji ajue amesimama wapi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaadhibu tendo la kujamiiana kinyume na maumbile, adhabu yake kifungo cha maisha na isipungue miaka 30. Kifungu hicho hakimtaji mtu kwa vile anavyojiona au anavyovaa. Lakini tuwe wakweli, mtaani watu hawatofautishi na hata kituoni unaweza usikutane na wa kutofautisha, kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba msemaji haongelei mambo ya chumbani kabisa, yake wala ya mtu mwingine, hata kwa utani, hata akichokozwa. Wengi mnakumbuka mwezi wa 10 mwaka 2018, mkuu wa mkoa wa Dar wa kipindi kile alipotangaza kikosi cha kuwasaka mashoga. Baadae Wizara ya Mambo ya Nje ikasema yale ni mawazo yake binafsi sio msimamo wa serikali, sawa, lakini mimi huku Tabora wiki ile watu wangu walinizimia simu na dawa zao zikabaki kwenye begi langu. Hofu ina mbio kuliko tangazo la kuikanusha.

Upande mwingine ipo Katiba ya 1977, ibara ya 12, na hii msemaji aishike kichwani kwa maneno yake: binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa, na kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 16 ni ya faragha. Sheria ya kumruhusu mtu abadilishe alama ya jinsi kwenye cheti cha kuzaliwa hapa kwetu hamna, kwa hiyo msemaji asimdanganye mtu kwamba ipo, jina ndo mtu anaweza kulibadili kwa hati inayosajiliwa. Na kama mnataka mkutano wa hadhara, taarifa inaenda polisi saa 48 kabla. Sisi mikutano ya hadhara hatufanyi, narudia hatufanyi, tunakaa ndani na watu waliotualika kwa majina.

Mkiulizwa na mtendaji mnafanya nini semeni ukweli kwa lugha ya kazi: mafunzo ya utu na kupinga unyanyapaa kwa watoa huduma na vikundi. Ndo chenyewe. Ukisema ni semina ya ufugaji wa nyuki alafu akaja kukuta mnaongea mengine, umemharibia na anaefuata baada yako. Namba ya msaidizi wa kisheria iwe kwenye simu za watu wawili, sio mmoja, maana simu huwa zinazima chaji siku hiyo hiyo. Hawa wasaidizi wanatambulika tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wengi wanaujua unyanyasaji kuliko unavyodhani.

Hatua ya tatu: maneno

Hapa tunatumiaga siku nzima na sijutii. Watu wanakuja na maneno ya warsha za Dar, wanayamwaga, na bibi wa Kiloleni anasinzia.

Anza na jinsi na jinsia. Jinsi ni ile ya kwenye fomu, ME au KE, mkunga aliyoiona siku ya kwanza. Jinsia ni namna mtu anavyoishi na kujijua kama mwanamke au mwanaume, na namna jamii inavyomtarajia. Mtu wa transi ni yule ambae hivi viwili kwake havijakaa pamoja. Basi, ukimaliza hapo nyamaza. Usiongeze istilahi nyingine ishirini.

Alafu tenganisha mambo matatu ambayo mtaani yote yanawekwa kapu moja. Transi ni habari ya mtu kujijua yeye ni nani. Shoga ni habari ya mtu anavutiwa na nani, na neno lenyewe limeshakuwa tusi kwa hiyo msemaji asilichezee. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayaeleweki moja kwa moja ni ya kike au ya kiume, na hili neno wazee wa Ujiji na wa Kanyenye wanalijua tangu madrasa. Jirani zetu Kenya kwenye sensa ya 2019 waliwahesabu mahuntha wakapata watu 1,524, kwa hiyo hata serikali ikitaka kuhesabu inahesabu. Ila msikimbilie kusema transi na huntha ni kitu kimoja ili mhurumiwe, sio kimoja, na siku mtu akigundua umechanganya makusudi hatakuamini tena hata kwenye lililo kweli.

Sasa kuna kitu kizuri sana ambacho tunacho na hatukitumii. Kiswahili hakina shida ya yeye. Anakuja, amekula, nimemuona, hapo hamna kike wala kiume. Kinyamwezi nacho hivyo hivyo, Kiha nacho. Nimeona mafunzo ya kutafsiriwa ambayo saa nzima wanafundisha watu viwakilishi, yaani wanatibu ugonjwa ambao Ulaya ndo unauma, kwetu haupo. Kwetu panapouma ni kwenye kaka na dada, mama na baba, shangazi na mjomba, bwana na bibi. Pale kwenye salamu. Mtu wa transi anaamka asubuhi na kabla ya saa nne kashaitwa kaka mara kumi na tano, na kila mara ni kama mtu anamkanyaga kidole kile kile. Msemaji akilieleza hivyo watu wanaelewa hapo hapo, maana wote tunajua kuitwa vibaya kunavyouma, we mwite mtu mzima wa Tabora bila shikamoo uone. Zoezi letu: watu wasalimiane wawili wawili bila kutumia kaka wala dada, watumie jina, au ndugu, au jirani, au mpendwa kama ni wa kanisani. Wanacheka sana, alafu wanagundua inawezekana.

Hatua ya nne: hadithi ya msemaji, kwa saa ya ukutani

Kila msemaji anatengeneza hadithi yake kwa urefu wa aina tatu, dakika 2, dakika 7 na dakika 20. Ile ya dakika 20 tunaitengeneza alafu mara nyingi hatuitumii, ipo ili yeye mwenyewe aione yote na achague. Ya dakika 7 ndo ya kazi.

Hadithi ya dakika 7 ina tukio moja. Moja! Sio tangu kuzaliwa mpaka leo. Mtu aliyekosa dawa dirishani aongee dirisha, kiti alichokalia, foleni ilivyogeuka kumtazama, nesi alivyoita jina kwa sauti mara mbili, alivyotoka nje akasimama chini ya mwembe akajifanya anapokea simu. Watu wa Tabora ukiwaambia mwembe wameshafika. Ukiwaambia nilipitia ubaguzi wa kimfumo wanaangalia saa ya chakula.

Mwishoni mwa hadithi aombe kitu kimoja kinachoweza kufanyika kesho na waliopo pale. Kwa manesi: ita kwa namba ya kadi au jina la ukoo, usiite jina la kwanza kwa sauti. Kwa bodaboda: mkisikia mtu anazomewa kijiweni, mmoja wenu amuwashie pikipiki amtoe. Kwa wenye nyumba: kodi ikilipwa mengine sio yako. Kikundi cha bodaboda ukikiomba kibadilishe sheria za nchi utakuwa umekipa ruhusa ya kutofanya chochote.

Mambo manne hayaingii kwenye hadithi hata ikiwa tamu namna gani: jina la zamani, mwili na matibabu, mpenzi, na jina la mtu mwingine yeyote wa transi. Tunayaandika kwenye karatasi, tunabandika ukutani wakati wa mazoezi, na akiteleza mwenzake anagonga meza. Kwa siku ya kwanza meza inagongwa sana.

Kitu kingine, akianza kulia kwenye mazoezi tunasimama. Hadithi ambayo bado inamliza mwenyewe haijawa ya kuwapa watu. Sio kosa, inakaa miezi, akitaka anairudia, asipotaka basi. Nimewahi kubishana na mwenzangu kwenye hili, yeye anasema machozi yanaleta huruma. Yanaleta ndio, lakini mimi nataka yule mtu apate dawa zake, na huruma mara nyingi inaishia getini.

Hatua ya tano: maswali, hapa ndo vita ilipo

Kwa kila saa moja ya hadithi tunafanya saa tatu za maswali. Sisi tunakaa upande wa wabishi, tunauliza kwa ukali kuliko watakavyouliza huko, tena kwa lafudhi zote, mzee, mlokole, kijana wa kijiweni, mama anaecheka chinichini. Mimi huwa nachukua nafasi ya mlokole.

Siku yenyewe maswali yanakuja kwa karatasi, hatupokei ya mdomo mwanzoni. Faida mbili: mwenye aibu nae anauliza, na matusi yanabaki kwenye karatasi. Msimamizi anazisoma kimya kwanza anazigawa kama taa za barabarani. Kijani msemaji anajibu. Njano anajibu msimamizi au nesi, kwa jumla, sio kwa mwili wa aliyesimama pale. Nyekundu haijibiwi na mtu anaambiwa kwa adabu kwanini.

Yale yanayokuja kila mara:

Huko chini upoje? Nyekundu. Jibu tulilolizoea: "Mama yangu, hilo la nguoni namuachia daktari wangu. Mimi na wewe tukikutana sokoni tutaongea bei ya nyanya." Liseme ukitabasamu, na usiongeze neno. Ukiongeza neno umefungua mlango.

Haya mambo si ya wazungu? Hili liko kila mahali, na msilijibu kwa hasira. Mwenzetu mmoja ana jibu lake nalipenda mno, anasema: "Baba, kilicholetwa na wazungu ni reli, Wajerumani waliifikisha hapa Tabora 1912. Mimi sikushuka kwenye treni, nimezaliwa Sikonge." Watu wanacheka alafu wanafikiri. Baada ya kicheko ndo unawakumbusha huntha wa kwenye vitabu vya mirathi, kwamba wanazuoni waliandika wampe fungu gani la urithi karne nyingi kabla ya hizo asasi zinazosemwa, maana walikuwa na watu wa kweli mbele yao wasioingia kwenye mafungu mawili. Sio transi, nimeshasema, lakini inaonyesha wakubwa zetu hawakushangaa kwamba Mungu ana viumbe vya namna nyingi.

Dini? Msemaji asishindane aya na sheikh wala mchungaji. Utashindwa, na hata ukishinda umeshindwa. Wakristo wakitaka wasomewe Matendo ya Mitume sura ya 8, yule towashi wa Kushi, hakuulizwa mwili wake, alisema maji haya hapa akabatizwa. Sema hivyo mara moja, alafu rudi kwenye dirisha la dawa: "Shehe, mimi sijaja kukuomba fatwa. Nauliza mgonjwa akifika mlangoni kwako anapewa maji au hapewi." Wengi wanasema anapewa. Basi tuna pa kuanzia.

Si ugonjwa wa akili huu? Njano, ajibu nesi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na humo hali ya transi ilitolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili ikapelekwa sura ya hali zinazohusu afya ya kujamiiana. Ilibaki kwenye orodha ili mtu asikose huduma. Manesi wanapenda hili kwasababu ni la kazini kwao, na mimi nimeona mganga mfawidhi aliyekuwa amekunja mikono ameikunjua hapo.

Mnawaharibu watoto wetu? Jibu kwa kinachoonekana: "Angalia humu ndani, kuna mtoto?" Alafu kuna mzazi mmoja huwa anabaki nyuma watu wakitoka, anaongea chini chini, wangu nyumbani yupo hivi na hivi. Huyo usimpe jina la hali ya mtoto wake, wewe sio daktari na huyo mtoto hujamuona. Mwambie asimpige, asimfukuze, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi ampe chakula, malazi na elimu na haijaweka kipengele cha labda. Mwambie amsikilize. Mpe namba ya yule mama wa karanga, kwa ruhusa yake.

Kwa watu wa ofisini ambao wanapenda mifano kuna wa Audrey Mbugua, mwanamke wa transi wa Kenya, Mahakama Kuu kule 2014 iliamuru baraza la mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya bila alama ya jinsi. Na Afrika Kusini wana sheria namba 49 ya 2003 ya kubadili alama hiyo. Itajwe haraka tu, ukikaa sana nje ya nchi wanaanza tena habari ya wazungu.

Hatua ya sita: kuchagua pa kuingilia

Vijana wa harakati huwa wananiona mimi mpole mno kwenye hili. Wanataka tuingie na kila kitu, bendera, haki zote, siku moja. Nawakumbusha Januari 1958, mkutano wa TANU hapa hapa Tabora, Uamuzi wa Busara. Mkoloni kaweka kura tatu, kila mpiga kura achague Mwafrika, Mhindi na Mzungu, masharti ya kudhalilisha kabisa, wengi walitaka kususa. Nyerere akawashawishi waingie nayo hivyo hivyo. Wakaingia, wakashinda. Mlango mwembamba nao ni mlango. Sisi mlango wetu ni dirisha la dawa na jina kuitwa vizuri.

Na kabla ya transi anzeni na ukatili ambao watu wa huku tayari wanaujua na unawauma. Kanda hii yetu imeua vikongwe kwasababu ya macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni miaka hamsini, wakaitwa wachawi. Imewakata viungo watu wenye ualbino. Hakuna ukoo usiokuwa na habari. Muulize mzee, yule bibi alikosa nini? Atakuambia hakukosa kitu, watu walimuangalia wakaamua. Muache akae na sentensi yake hiyo kidogo. Alafu ndo msemaji anasimama na hadithi ya dakika 7. Usifunganishe mwenyewe kwa maneno, wanafunganisha wao. Hii haki ya kijamii tunayoiongeleaga kwenye maandiko ya kuombea fedha, kwa Tabora inaanzia kwa yule bibi.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Saa za asubuhi, jioni hapana, giza likiingia na watu wamekunywa hamna mafunzo. Watu wasizidi ishirini. Simu zote kapuni mlangoni, kapu analo mmoja wetu na haondoki, na asietaka kuweka simu anapewa chai na nauli anaenda kwa amani, hatugombani. Mnaweza kutaja kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini kapu linafanya kazi zaidi ya sheria.

Msemaji anakaa karibu na mlango, mgongo ukutani, mwenzake pembeni. Peke yake haendi mtu. Bodaboda tunaemjua yupo nje injini imepoa lakini funguo zipo kwenye switchi. Kuna neno la siri, letu lilikuwa matobolwa, mmoja wetu akisema jamani matobolwa yamefika basi msemaji anainuka anatoka bila kuaga. Tumelitumia mara moja. Shida ilikuwa siku nyingine matobolwa yalifika kweli, na karanga, mpishi akatangaza kwa furaha, msemaji akatoweka katikati ya sentensi. Badilisheni neno, msitumie chakula.

Chakula kiwepo, mle pamoja, sahani moja kama ni desturi ya hapo. Mtu aliyekula na wewe mlenda kuna vitu anaona aibu kukufanyia.

Hatua ya nane: baada ya hapo

Posho na nauli anapewa msemaji kabla hajapanda, mkononi. Jioni anapigiwa simu, kesho asubuhi anapigiwa tena, siku ya tatu ndo muhimu zaidi kwasababu siku ya kwanza mtu ana moto wa kupigiwa makofi, uzito unakuja baadae usiku akiwa peke yake. Asisimame tena kabla ya wiki tatu hata mkialikwa na nani. Mkisikia klipu inazunguka pamoja na kapu na yote, kwanza mtoeni alipo, kutafuta nani alirekodi ni kazi ya pili. Akipigwa au kutishiwa, dawati la jinsia na watoto lipo polisi, ila aende na msaidizi wa kisheria, asiende peke yake.

Zile karatasi za maswali tunazisoma wote, zinazojirudia zinaingia kwenye mazoezi yajayo, alafu tunaziingiza kwenye moto wa chai kwasababu mwandiko wa mtu unajulikana.

Baada ya mwezi rudini kwenye kile kituo au kijiwe bila msemaji, mkaangalie kile kimoja mlichoomba. Jina linaitwa kwa namba? Kama ndio, washukuruni mbele ya bosi wao. Kama hapana, ulizeni kigumu nini, mara nyingine utakuta ni kitu kidogo tu kama daftari la namba halipo, nunueni daftari.

Wewe wa Kasulu, ukishampata mtu wako wa kwanza nitumie ujumbe. Nikipata nauli nakuja kukaa upande wa walokole kwenye mazoezi, hiyo nafasi msimpe mtu mwingine.